Mpungufu wa Akili Naye Huugua

Hotuba kwa Waislamu wa Rumonge na wa pwani ya Tanganyika

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zina Mwenyezi Mungu, Aliyewaumba waja wake kwa namna mbalimbali, akawapa wengine akili nyingi na wengine akili kidogo, wala hakumdhulumu hata mmoja. Rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu wa Rumonge, na wa Minago, na wa Kizuka, na wa Nyanza-Lac, nanyi mliotoka Buyenzi kuja kushirikiana na wenzenu: jambo linalowekwa mbele yenu leo si geni kwa yeyote, illa ni jambo linalonenwa kwa sauti ya chini. Yuko katika kila mtaa mtu ambaye umri wake umekwenda mbele na akili yake imebaki nyuma. Watoto humjua kwa jina la utani kabla ya kulijua jina alilopewa siku ya akika yake. Watu humwita zuzu, au taahira, na wengine humwita mwenda wazimu. Katika jina hili la mwisho ndimo lilimo kosa ambalo hotuba hii inataka kulisahihisha, kwa kuwa kosa hilo limewatesa watu wengi bila ya sababu.

Upungufu wa akili ni kitu kimoja, na ugonjwa wa akili ni kitu kingine. Mpungufu wa akili ni mtu ambaye fahamu yake haikukua kama ya wenzake tangu utoto. Huchelewa kukaa, huchelewa kutembea na kusema, na akifika utu uzima hubaki akihitaji msaada katika hesabu, katika kununua na kuuza, na pengine hata katika kuvaa. Sababu zake ni nyingi. Kuna mtoto aliyechelewa kupata pumzi siku ya kuzaliwa. Kuna aliyepatwa na malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Kuna ambaye mama yake alikosa madini ya joto chumvini wakati wa mimba. Na kuna aliyeumbwa hivyo tangu tumboni. Mathalan, wale watoto wenye uso wa namna moja, ambao daktari Mwingereza John Langdon Down aliwaeleza mwaka 1866, Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walionyesha mwaka 1959 kwamba chembe za miili yao zina uzi mmoja wa urithi uliozidi. Basi hapana jini hapo, wala laana, wala dhambi ya mama.

Mgonjwa wa akili ni mwingine. Huyu alikuwa na akili yake timamu, kisha maradhi yakamwingia: huzuni isiyokwisha, au hofu, au kusikia sauti za watu wasiokuwapo. Maradhi haya huja, na kwa tiba huweza kupungua au kuondoka. Wanavyuoni wa sharia waliijua tofauti hii zamani. Wale wa madhehebu ya Hanafi walimpambanua majnuni, ambaye akili yake imeondoka, na maatuhi, ambaye fahamu yake ni chache na maneno yake huchanganyika, walakini hapigi wala hatukani.

Lakini iko hali ya tatu, nayo ndiyo inayosahauliwa. Ni hali ya mpungufu wa akili ambaye, juu ya upungufu wake, ameshikwa na ugonjwa wa akili. Watu hudhani kwamba asiye na akili nyingi hawezi kuugua akilini, kama vile asiye na shamba hawezi kuibiwa mawese. Dhana hiyo si kweli. Huko Glasgow, katika nchi ya Uskoti, wataalamu waliwachunguza watu wazima 1,023 wenye upungufu wa akili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Karibu watu 4 katika kila 10 walikuwa na ugonjwa wa akili, au taabu ya tabia ya kuhitaji matibabu. Ikiwa hali ni hiyo katika mji wenye hospitali nyingi, haifai Waislamu wa pwani hii kudhani kwamba wapungufu wao wamesalimika.

Chukueni mfano, ili jambo lieleweke. Yuko kijana wa miaka 22, anayekaa karibu na ufuko. Hajui kusoma wala kuhesabu zaidi ya kumi, lakini ana kazi yake: wavuvi wanaporudi alfajiri, yeye huanika ndagala, na jua likipanda huzigeuza. Akisikia adhana huwa wa mbele kufika msikitini, na kazi yake huko ni kupanga viatu vya watu mlangoni, jozi kwa jozi, wala hajakosea hata siku moja. Mama yake akafa. Hakupelekwa mazikoni, kwa kuwa watu walisema, "Huyu hajui kitu." Haukupita muda akaacha kula. Akaacha kulala. Akawa anapiga kichwa chake ukutani, na aliyemkaribia alimuuma mkono. Ndagala zikaoza, viatu vikalala ovyo. Majirani wakasema, "Uzuzu umemzidi." Siku ya pili wakamfunga kamba kwenye mwembe.

Sasa ulizeni: je, uzuzu huzidi? Mtu aliyekuwa mpungufu kwa miaka 22, akawa mpole na mchapa kazi kwa miaka yote hiyo, upungufu wake hauwezi kumgeuza kwa mwezi mmoja. Upungufu hukaa mahali pake. Kinachokuja ghafula kina sababu nyingine, na kilicho na sababu hutafutiwa dawa. Hili ndilo neno moja ambalo kila mzazi aende nalo nyumbani: mpungufu wa akili akibadilika, usiseme "ndivyo alivyo". Sema "ameshikwa na kitu", ukakitafute.

Na vitu vyenyewe ni hivi. Cha kwanza ni maumivu ya mwili. Asiyejua kusema "jino laniuma" husema kwa kupiga kichwa. Sikio lenye usaha, tumbo lililofunga, homa ya malaria, vyote huweza kumfanya mpole awe mkali. Cha pili ni msiba na mabadiliko. Mtu huyu hutegemea sana mazoea: njia ile ile, mkeka ule ule, sauti ile ile ya kumwamsha. Maji ya ziwa yalipopanda, na nyumba za ukingoni zikaingia maji, kama ilivyokuwa mwaka 2021 na tena mwaka 2024, watu wenye akili timamu walipoteza vyombo vyao. Mpungufu wa akili alipoteza dunia yake yote aliyoijua, wala hakuna aliyekaa naye kumweleza. Vivyo hivyo kwa waliokimbia machafuko ya mwaka 1972 kwenda Kigoma, na waliokimbia vita vilivyoanza mwaka 1993. Katika misafara ile walikuwamo nao. Cha tatu ni kuonewa. Kuna watu wabaya wanaomdhulumu mwili wake, mwanamke au mwanamume, kwa kuwa wanajua hatasadikiwa akisema. Anayeanza kuogopa mtu fulani au nyumba fulani, yapasa aangaliwe kwa makini. Cha nne ndicho ugonjwa wa akili wenyewe, na cha tano ni kifafa.

Kifafa kinahitaji maneno yake peke yake, kwa kuwa wapungufu wa akili hupatwa nacho kuliko watu wengine. Katika milima ya Bururi inayoikabili pwani hii umekuwapo ugonjwa wa upofu wa mtoni, unaoletwa na inzi wadogo weusi wa kwenye maji ya kasi. Na uchunguzi uliofanywa Burundi, ukachapishwa mwaka 1997, uliona ugonjwa huo na kifafa vikiandamana. Kifafa si jini, wala hakiambukizi. Povu la mgonjwa halimdhuru amgusaye. Aibu iliyoje kwa Mwislamu kumwacha mwenzake aungue motoni kwa kuogopa povu! Akianguka, ondoeni vitu vya kumwumiza, mlazeni ubavu, wala msimtie kijiko wala kitambaa mdomoni. Asipewe kazi ya jikoni peke yake, wala asipande mtumbwi, wala asioge ziwani bila ya mtu wa kumtazama. Maji ya Tanganyika hayangoji mtu azindukane. Na akipewa vidonge, avimeze kila siku, wala asiviache ghafula kwa kuwa ameona nafuu, maana kuviacha ghafula huleta mianguko mikali zaidi. Hata mwezi wa Ramadhani usiwe sababu ya kuviacha. Mgonjwa ana ruhusa ya kufuturu, na ambaye hana akili ya kuijua ibada hakulazimishwa kufunga tangu asili.

Hapa atasimama mtu aulize: je, na dua? Na kisomo? Jibu ni kwamba dua ni ibada, na Kurani ni shifaa, wala hakuna mganga wa hospitali awezaye kumzuia Mwislamu kumsomea mwanawe. Lakini Bwana Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha waja wa Mungu kujitibu, akafundisha kwamba Mola hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa. Anayesoma akaacha dawa amechukua nusu ya mafundisho. Na anayempiga mgonjwa, au kumvukizia moshi mpaka akakosa pumzi, au kumnyima chakula ili jini atoke, huyo hakusoma kisomo cha Mtume. Kadhalika kamba na mnyororo si dawa. Vinaumiza mikono na miguu, navyo humfundisha mgonjwa kwamba watu wake mwenyewe ndio adui zake.

Na yasikilizwe yaliyotokea Madina. Anas bin Malik amesimulia, na habari yake imo katika Sahihi ya Imamu Muslim, kwamba palikuwa na mwanamke ambaye akilini mwake mlikuwa na kitu. Akamjia Bwana Mtume akamwambia kuwa ana haja naye. Mtume hakumcheka, wala hakuwaita masahaba wamwondoe. Alimtaka achague njia yoyote aipendayo katika mji, naye angekwenda huko kumsikiliza. Akasimama naye njiani mpaka yule mwanamke alipomaliza haja yake. Zingatieni, ndugu. Mtume alikuwa kiongozi wa dola, na wajumbe walikuwa wakimjia. Akampa mpungufu wa akili wakati wake, akamwachia achague mahali, na akangoja mpaka mwisho wa maneno yake. Hayo matatu, yaani wakati, hiari na masikizi, ndiyo madaktari wa leo wanayoyataja kuwa mwanzo wa kumtibu mtu kama huyo.

Sharia nayo imeweka mipaka iliyo wazi. Kalamu ya madhambi imeinuliwa juu ya asiyekuwa na akili mpaka akili yake imrudie. Na katika Surat An-Nisaa, mwanzoni kabisa, Mwenyezi Mungu amekataza wasiojua kusimamia mali wasikabidhiwe mali, kisha akaamrisha mambo matatu juu ya wanaoishika mali hiyo: wawalishe, wawavike, na waseme nao kwa wema. Basi walii wa mpungufu wa akili si mrithi wake angali hai. Katika madhehebu ya Shafi walii ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii aliyewekwa, kisha kadhi. Shamba la michikichi aliloachiwa yatima mpungufu ni la kumnunulia yeye chakula, nguo na dawa, si la kumwozeshea ami yake mke wa pili.

Tena Waislamu wa zamani hawakuishia katika maneno. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya miili na ya nafsi pamoja, akaeleza kwamba nafsi nayo huugua kama mwili uuguavyo, nayo ina tiba yake. Nuruddin Zangi alijenga hospitali Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga nyingine Kairo mwaka 1284, akaiwekea mali ya wakfu ili itibu tajiri na masikini, mwanamume na mwanamke, nayo ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili. Huko Edirne, Uturuki, katika hospitali iliyojengwa na Sultani Bayazid wa Pili mwaka 1488, wagonjwa waliburudishwa kwa sauti za ala na maji yanayotiririka. Yote hayo yalisimama kwa wakfu, na wakfu ni mali ambayo mwenyewe amekubali kuitoa.

Na hapa Burundi? Mwaka 1981 kilifunguliwa Kamenge, mjini Bujumbura, kituo cha maradhi ya akili kinachojulikana kwa kifupi kama CNPK. Walioanzisha kazi hiyo ni Frères de la Charité, watawa wa Kikatoliki ambao shirika lao lilianza Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807. Mtu asione haya kumpeleka mgonjwa wake kwa sababu hiyo. Siku ya Hijra, Bwana Mtume alimchukua Abdallah bin Uraikit awe mwongozi wa njia, naye hakuwa Mwislamu, kwa kuwa aliijua njia. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni kama kilometa 75 kwa barabara ya ukingoni. Si mbali kwa mwenye nauli. Lakini kwa mama mjane mwenye mwana anayeuma na kupiga kelele ndani ya basi, ni mbali kuliko Makka.

Basi afanye hivi. Kwanza aende kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Rumonge, mwili uangaliwe: kinywa, masikio, tumbo, damu ya malaria. Aende naye mtu anayeishi na mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa hawezi kujieleza, na daktari hutegemea macho ya aliye naye nyumbani. Ajue kueleza: usingizi ulipotea lini; chakula kilikatika lini; mwezi huo palitokea nini, msiba, ugomvi au kuhama; je, huanguka? Akipelekwa Kamenge, aende na karatasi zote na vidonge vyote anavyotumia. Akipewa dawa, aulize ni ya nini, na ya muda gani. Miili ya watu hawa mara nyingi hudhurika na dawa za akili upesi, kwa hivyo huanzwa kwa kiasi kidogo na kupandishwa polepole. Akionekana amekakamaa, anatetemeka, au anatokwa na mate bila kiasi, arudishwe aangaliwe. Na dawa isitumiwe kumtuliza tu ili nyumba ipate kimya. Hiyo ni kamba nyingine, ila haionekani kwa macho.

Serikali nayo imejifunga kwa maandishi. Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2014, na Januari 2018 ikatunga sheria ya kuzikuza na kuzilinda haki hizo. Mpungufu wa akili anapokwenda hospitali, basi, haombi sadaka; anadai haki yake. Lakini haki iliyoandikwa haimshiki mtu mkono ikampandisha basi. Hiyo ni kazi ya jamaa.

Na kazi ya jamaa ya Rumonge si kubwa kupita uwezo wake. Kiwekwe kisanduku katika msikiti, kila Ijumaa kitiwe kidogo, kiwe cha nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake. Wavuvi wametoa, na wenye mashine za mawese wametoa, kwa mambo mengine. Na kwa hili watatoa. Kila mzazi mwenye mwana mpungufu amtaje walii wake mbele ya mashahidi angali hai, wala asimwachie kaburi limtafutie. Walimu wa vyuo wampokee, hata kama katika mwaka mzima atajifunza Fatiha peke yake. Wakina mama wapokezane kumtazama, ili mama yake naye apate siku ya kulala. Kwa kuwa mama aliyechoka naye huugua, na hapo wagonjwa wanakuwa wawili. Na watoto wakatazwe kumwita kwa jina la utani. Amwitaye zuzu amekwisha kumnyima nusu ya tiba, maana ndilo jina linalowafanya watu waseme "ndivyo alivyo."

Na yule kijana wa mfano, aliyefungwa kwenye mwembe? Mfano wake waweza kuwa na mwisho wa namna mbili. Wa kwanza unajulikana: kamba huzidi kuwa fupi, na siku moja mtu hupita asimwone tena. Wa pili ni huu. Mjomba wake anaikata kamba, anampeleka kwa daktari, na daktari kabla ya yote anamfungua kinywa. Anakuta jino limeoza mpaka ufizi umevimba. Linang'olewa. Kupiga kichwa kunapungua, lakini chakula bado hali. Mjomba anaulizwa palitokea nini, anajibu kwamba mama alikufa. "Mlimwambia?" Hakuna aliyemwambia. Basi anachukuliwa mpaka kaburini, anaonyeshwa mahali, anaelezwa kwa maneno machache, naye analia kama mtu yeyote aliaye. Anapewa dawa ya huzuni kwa muda, na mjomba anaagizwa kumrudisha kazini polepole. Haupiti mwaka, viatu vya mlangoni vimekwisha kupangwa tena, jozi kwa jozi. Upungufu wake uko pale pale. Ugonjwa umeondoka. Kati ya mwisho wa kwanza na wa pili hapakuwa na tofauti ila mtu mmoja aliyeuliza.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu wa pwani hii macho ya kuona, na moyo wa kuuliza, na mikono ya kukata kamba. Awaponye wagonjwa wao, awape subira mama zao, na awarehemu waliotangulia. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.